Nilisema "Upimaji", Wazazi Wakasikia Hospitali

Nikiwa mwaka wa kwanza nilimpigia mama simu nikamwambia kwamba mwenzangu wa chumba kimoja amedisko. Mama akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Kwa hiyo hela za mkopo wa serikali ndizo mnazochezea disko huko?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Hapa chuoni kila mtu anajua kwamba kudisko ni kuondolewa masomoni kwa kufeli. Bumu, sapu, nondo, msuli, yote hayo ni maneno yetu ya kila siku. Nyumbani Tarime hayajulikani, na mama hakuwa na sababu yoyote ya kuyajua.

Siku ile niliona ni kichekesho tu. Miaka miwili baadaye, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha wilayani Serengeti, kosa la aina ile ile lilifanya wasichana sita wakose mtihani. Ndiyo maana naandika makala hii. Nawaandikia hasa wenzangu wa ualimu, lakini hata wewe wa sheria, uuguzi au kilimo, keshokutwa utasimama mbele ya watu usiowajua na watakutegemea uwaeleze jambo.

Mkutano wa kwanza

Shule niliyopangiwa iko upande wa Mugumu, ng'ambo ya mto Mara ukitokea kwetu. Pale wanaishi Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, na wapo pia Wajaluo, Wajita na Wasukuma waliohamia kwa kilimo, biashara na kazi. Kwenye mkutano wa wazazi niliombwa niseme machache kuhusu kidato cha pili. Nikavaa tai yangu, nikasimama.

"Ndugu wazazi, kuanzia Jumatatu tutakuwa na upimaji wa majaribio, kujiandaa na upimaji wa kitaifa wa mwezi Novemba. Upimaji huu unazingatia umahiri. Wanafunzi wote watapimwa, hakuna atakayekwepa."

Nikauliza, "Tumeelewana?" Wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!"

Hata hivyo niliona baadhi ya nyuso zimepoa. Nikajiambia dawa ninayo: nikahamia Kikurya. Nikatupa mzaha mmoja, watu wakaangua kicheko, mzee mmoja akaniita "mura" kwa furaha. Nikaendelea kwa Kikurya dakika kama tano hivi. Nilipokaa nilijiona nimeua kabisa.

Jumatatu viti sita vya wasichana vilikuwa vitupu. Jioni nikaenda na mwalimu wa darasa nyumbani kwa mmoja wao. Mama yake, Mjaluo, alitupokea vizuri, akatutolea viti, akatupa maji. Tulipoeleza shida yetu akasema: "Mwalimu, mimi sijakataa mwanangu asome. Lakini kumpima mtoto wangu bila mimi kuwepo, hapana. Halafu mengine mkayasema kwa lugha yenu, watu wakacheka. Sisi wengine tulijua kuna jambo tunafichwa."

Kumpima! Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye mihadhara yetu tumesikia "upimaji" mara nyingi mpaka tumesahau kwamba kupima kwa mtu wa kawaida ni hospitali: kupima malaria, kupima damu. Na ukimwambia mzazi kwamba binti yake wa kidato cha pili atapimwa shuleni, neno linalomjia kichwani ni mimba. Hofu hiyo ina chanzo chake. Wasichana wamewahi kupimwa mimba shuleni, na kwa miaka mingi aliyekutwa nayo alipoteza shule. Mwaka 2021 serikali ilitoa waraka unaowaruhusu waliokatisha masomo kurudi darasani, lakini waraka haufuti kumbukumbu za watu kwa siku moja. Mimi sikufikiria lolote kati ya hayo. Nilisema neno la kazini kwangu, basi.

Tuyatenganishe maneno

Kwenye kozi za isimu tumefundishwa majina ya mambo haya, lakini tukiongea huwa tunayachanganya.

Istilahi ni maneno ya fani: upimaji, umahiri, andalio la somo. Daktari anazo zake, mwanasheria anazo zake. Misimu ni maneno ya kundi fulani, kama bumu na sapu. Lahaja ni namna tofauti za lugha moja, mfano Kimvita cha Mombasa na Kiunguja cha Zanzibar, ambacho ndicho msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo Kikurya si lahaja ya Kiswahili, ni lugha kamili. Hata hivyo mbele ya watu mchanganyiko vyote hivi vinafanya kazi moja: vinawasogeza karibu walio ndani na kuwafungia mlango walio nje. Ndiyo maana havionekani kuwa na kosa. Msemaji anasikia kicheko cha walio ndani. Ukimya wa walio nje hausikiki.

Tena walio nje hawalingani. Mngoreme akisikiliza Kikurya huambulia mengi, maana lugha hizi ni ndugu. Mjaluo haambulii kitu, kwa sababu Kijaluo si lugha ya Kibantu hata kidogo. Mimi nilihesabu vichwa vilivyokuwa vikicheka nikadhani ndio mkutano mzima.

Lafudhi ni jambo lingine, na hapa naomba tuelewane. Kikurya hakina sauti ya l, kwa hiyo wengi wetu tukiongea Kiswahili l inageuka r. Mkurya akikuambia "muda wa kura umefika", usitafute sanduku la kupigia kura, fuata harufu ya ugali. Hapa chuoni tunachekwa sana kwa hilo, na wapo wanaoogopa kunyoosha mkono kwenye semina kwa ajili ya r na l. Lakini lafudhi yangu haikumfukuza mtoto yeyote shuleni. Tai yangu na neno langu la kitaalamu, nililolitamka sanifu kabisa, ndivyo vilivyofanya hivyo. Tunamcheka asiyemfungia mtu mlango, tunampigia makofi anayeufunga.

Je, tuache lugha zetu?

Hapana. Mtu mmoja wa Mara aliwahi kutuonyesha njia. Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama, anatajwa kuwa ndiye aliyeliingiza kwenye Kiswahili neno "kung'atuka", kutoka Kizanaki. Leo Mtanzania wa Mtwara au wa Kigoma analitumia bila kujua limetoka wapi. Kwa maoni yangu lilishika kwa sababu halikuachwa peke yake: mwaka 1985 aliachia urais kwa hiari, nchi nzima ikaona maana yake kwa macho. "Ujamaa" nalo, kwenye Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilibeba siasa nzima, lakini lilianzia kwenye neno la nyumbani, jamaa. Hiyo ndiyo kanuni tunayoikariri kila muhula: anza na yanayojulikana, nenda kwenye yasiyojulikana. Mimi niliigeuza juu chini.

Kwa hiyo neno la kwenu au la fani yako lilete, ila lisiingie bila maelezo mahali ambapo mtu atatakiwa kufanya uamuzi kwa kulitegemea. Salamu, mzaha au methali hata ikimpita mtu hapotezi kitu kikubwa, mradi umtafsirie asijione mgeni. Lakini tarehe, fedha, dawa, mtihani na haki viseme kwa maneno ya kila mtu aliyekaa pale.

Mkutano wa pili

Jumatano mkuu wa shule aliwaita wazazi tena. Niliomba radhi kwanza. Halafu nikasema: "Ni mtihani wa kuandika. Karatasi na kalamu. Hakuna daktari, hakuna sindano, hakuna kupima mwili wa mtoto." Nikamwomba mama yule arudie kwa Kijaluo, mzee mmoja kwa Kikurya, na mzazi mwingine kwa Kisukuma. Ilichukua robo saa tu.

Safari hii sikuuliza "tumeelewana?" Swali hilo nimeliacha kabisa. Kwa malezi ya kwetu mtu mzima hawezi kusimama mbele ya wenzake aseme hakuelewa, na hasa hawezi kumwaibisha mwalimu. Jibu lake ni ndiyo kila siku. Badala yake nilimuuliza baba mmoja, "Mzee wangu, ukifika nyumbani utamwambiaje binti yako?" Akasema, "Nitamwambia alale mapema, kesho akaandike mtihani." Hapo nikajua ujumbe umefika.

Kesho yake watano walirudi. Wa sita alikuwa ameshapelekwa kwa shangazi yake Musoma, akarudi wiki iliyofuata mitihani ikiwa imekwisha. Alikuwa mzuri wa hesabu. Sikujua nimwambie nini.

Kabla hujasimama mbele ya watu, jiulize mambo matatu. Nani hapa hajasoma nilichosoma mimi? Nani hapa hakuzaliwa nilikozaliwa mimi? Neno langu hili, mtaani lina maana gani? Hilo la tatu ndilo gumu, kwa sababu neno lisilojulikana kabisa humfanya msikilizaji aulize jirani, lakini neno analolijua kwa maana nyingine humpeleka nyumbani na uhakika usio wenyewe. Kama huna jibu, msomee mtu mmoja wa nje ya fani yako kabla. Mpishi wa shule angeniokoa kwa dakika mbili tu.

Muhula uliopita nilipata sapu moja. Nilimpigia mama nikamwambia, "Mama, nimefeli somo moja, nitarudia mtihani mwezi wa tisa." Safari hii hakuuliza habari za disko. Alinigombeza robo saa nzima.