Mtunza Bohari wa Kompyuta

Wanafunzi wenzangu, kila shule ina bohari, na kila bohari ina mtunzaji na daftari lake. Ukienda kutaka jembe, mtunzaji hutazama daftari, hukupa jembe pamoja na mpini wake, kisha huandika. Lakini mtu akipenya dirishani na kujichukulia mwenyewe, hesabu yote huharibika. Kompyuta inayotumia mfumo wa Debian au Ubuntu nayo ina mtunza bohari wake, jina lake APT. Leo tumtazame akifanya kazi, na mfano wetu uwe programu ya Vim.

Vim ni programu ya kuandika na kusahihisha maandishi kwa amri za vitufe. Asili yake ni vi, programu iliyotungwa na Bill Joy huko California mwaka 1976. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa Vim kwa watu wote mwaka 1991. Mwaka 1994 alifanya kazi ya kujitolea Kibaale, Uganda. Baadaye akawaomba wote watumiao Vim, ambayo hutolewa bure, wawasaidie watoto wa huko. Alifariki mwaka 2023, na wenzake wanaiendeleza kazi yake.

Sasa fungua terminali, tufuate hatua nne.

Kwanza, andika: sudo apt update. Neno sudo ni kuomba mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Kwa amri hii APT husoma upya orodha ya vitu vilivyomo katika bohari kuu kwenye intaneti. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tukiisha kuandika amri hii twaenda zetu, tukidhani kuwa programu zimekuwa mpya. Sivyo! Daftari tu ndilo lililosomwa; jembe ni lile lile la zamani.

Pili, andika: sudo apt install vim. APT huleta Vim pamoja na vifurushi vinavyohitajiwa nayo, kama vile vim-runtime, yaani jembe na mpini wake. Tena hukagua muhuri wa bohari, ili asipokee kitu kilichoghushiwa njiani.

Tatu, andika: apt policy vim. Utaonyeshwa toleo ulilo nalo na toleo lililomo bohari. Yakiwa mbalimbali, andika: sudo apt install --only-upgrade vim. Ukitaka programu zote zifanywe mpya pamoja, andika: sudo apt upgrade.

Nne, ukitaka kuiondoa, andika: sudo apt remove vim. Mipangilio yake ya mfumo mzima itabaki. Ukiandika purge mahali pa remove, APT huondoa pia mipangilio ya mfumo mzima iliyo ya kifurushi kile kile ulichokitaja. Lakini faili yako mwenyewe ya .vimrc, iliyo katika makao yako, haitaguswa na amri hizo mbili.

Huenda mtu akauliza, "Taabu yote hii ya nini? Si ninakili Vim ya rafiki yangu, yaishe?" Basi na asikilize. Mwezi wa Juni mwaka 2019 ilitangazwa kasoro kubwa katika Vim. Vim huweza kusoma mistari fulani ndani ya faili na kuifuata kama maagizo. Ilionekana kwamba, pale ambapo usomaji huo umeruhusiwa, mtu mwovu aliweza kuficha amri katika faili ya maandishi, nayo kompyuta ikaitekeleza mara faili ilipofunguliwa. Fikiri: kufungua barua tu, na mgeni ameingia nyumbani! Kasoro hiyo ilirekebishwa. Aliyepitia kwa mtunza bohari aliupata mrekebisho kwa amri zile mbili, update na upgrade. Aliyejinakilia hakuwa na daftari la kumkumbusha, na Vim yake ikabaki na tundu lake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tusipenye dirishani. Tupite mlangoni, tena tupite mara kwa mara, maana bohari njema haimfai mtu asiyekwenda.

Maswali
1. Eleza tofauti ya update na upgrade.
2. Umeondoa Vim kwa purge. Je, .vimrc yako iko wapi?
3. Kwa nini APT hukagua muhuri kabla ya kupokea kifurushi?