Somo: Namna ya Kuhesabu Michezo Iliyomo katika Kaseti

Visanduku vya mashine za michezo zinazounganishwa na runinga huandikwa tarakimu kubwa: michezo 500, michezo 9999. Somo hili linaeleza tarakimu hizo hupatikanaje, na namna mnunuzi anavyoweza kuzipima kabla ya kutoa fedha yake. Mfano wetu ni mchezo wa kale uitwao Gradius.

Gradius ulitolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1985, ukichezwa kwa sarafu katika kumbi za starehe. Mwaka 1986 ukaingizwa katika Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983. Mchezaji huongoza chombo cha angani kiitwacho Vic Viper huku mandhari ikisogea kutoka kulia kwenda kushoto bila kumngoja. Baadhi ya maadui wakilipuliwa huacha vidonge, na kila kidonge husogeza alama hatua moja katika mstari ulio chini ya skrini: kasi, kombora, risasi za pande mbili, leza, tufe linalofuata chombo na kufyatua pamoja nacho, kisha ngao. Mchezaji huamua achukue cha karibu sasa au avumilie apate cha mbele. (Ni somo la bajeti lililo bora kuliko baadhi ya yale tuliyoyaandika sisi wenyewe.) Chombo kikilipuliwa, silaha zote hupotea.

Ugumu huo ulimshinda hata Kazuhisa Hashimoto, mmoja wa waliouandaa mchezo kwa ajili ya Famicom. Ili aweze kuujaribu, aliweka mfuatano wa vitufe: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Mchezo ukisimamishwa kwa muda na vitufe hivyo vikabonyezwa, mchezaji hupewa silaha nyingi kwa mara moja. Mfuatano huo ulibaki ndani mchezo ulipouzwa.

Hapa ndipo penye jambo la mnunuzi. Badiliko dogo la namna hiyo halizai mchezo mpya. Hata hivyo, watengenezaji wa kaseti za kunakili huweza kuufanya mchezo uleule uanzie hatua ya tatu, au uanze na silaha kamili, kisha wakaorodhesha kila badiliko kama mchezo wa pekee, pengine kwa jina jingine. Orodha ya maelfu huweza kuwa makumi tu yanayorudiwa.

Kwa hiyo, mwombe muuzaji aiwashe mashine. Usiishie ukurasa wa kwanza wa orodha, maana mara nyingi ndiko iliko michezo tofauti. Nenda kurasa za mbali, ufungue minne au mitano. Ukikuta yaleyale, mtake muuzaji aandike katika risiti idadi halisi aliyokuahidi, na akikataa, acha kununua. Tunza risiti pamoja na kisanduku, kwa kuwa maandishi ya kisanduku ni ushahidi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa.

Muuzaji naye ana haki yake. Gradius hauhifadhi maendeleo ya mchezaji. Mashine ikizimwa, huanza upya. Michoro hupepesa maadui wanapojaa katika mstari mmoja, kwa sababu mashine hiyo huonesha vipande 8 tu vya michoro katika kila mstari wa skrini. Matufe nayo ni 2, ilhali katika mashine ya ukumbini yalikuwa 4. Hayo si kasoro za kaseti, wala hayatoshi kudai kurudishiwa fedha.

Anayenunua kaseti halisi iliyotumika ahesabu pini: ya Famicom ina 60, ya mashine ya Nintendo iliyouzwa Marekani na Ulaya ina 72, na moja haiingii katika mashine ya nyingine bila kiunganishi maalumu, ambacho huuzwa peke yake.