Kikohozi cha Mvutaji Si Jambo la Kuzoea

Katika Handeni na Korogwe, kama kwingineko nchini, wapo wavutaji wa miaka mingi wanaokohoa kila asubuhi na kuamini kuwa ndivyo alivyo kila mvutaji. Hununua chupa ya dawa ya kikohozi, hupata nafuu ya siku chache, kisha hurudi dukani. Katika somo hili tunaeleza kwa nini fedha hiyo mara nyingi hupotea bure, na ni huduma gani mtumiaji aitafute badala yake.

Moshi hufanya nini kifuani?

Ndani ya njia za hewa mna vinyweleo vinavyosukuma makohozi na vumbi kutoka nje. Moshi wa tumbaku huvidhoofisha, huvimbisha kuta za njia hizo na, baada ya miaka, huharibu vifuko ambamo hewa huingia katika damu. Huo ndio ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Moshi wa kuni, uchomaji mkaa na vumbi la mkonge huongeza madhara. Dawa ya chupa haiondoi chanzo hicho.

Dalili zisizopuuzwa

• Kikohozi cha wiki mbili au zaidi.
• Kuhema kwa kazi iliyokuwa nyepesi zamani, kama kubeba ndoo ya maji.
• Mlio kama filimbi kifuani.
• Makohozi yenye damu, kukonda, homa au jasho la usiku.

Anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au ambaye midomo yake imegeuka rangi, apelekwe hospitali mara moja.

Hatua za kuchukua

Kwanza, pima makohozi. Kifua kikuu huwa na dalili zinazofanana na hizi, na uvutaji huongeza hatari ya kukipata. Kipimo na matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Usinunue antibiotiki bila cheti cha daktari, kwani zaweza kuchelewesha kugunduliwa kwa ugonjwa.

Pili, kifua kikuu kisipoonekana na dalili zikiendelea, usihesabu kuwa umepona. Mweleze daktari umevuta kwa miaka mingapi na sigara ngapi kwa siku. Muulize kuhusu picha ya kifua, ambayo husaidia pia kutafuta saratani ya mapafu, na kipimo cha kupuliza hewa. Kipimo kisipopatikana katika hospitali ya wilaya, au Magunga kwa walio Korogwe, omba rufaa.

Tatu, acha kuvuta. Sigara ziitwazo nyepesi si salama zaidi, wala msokoto wa nyumbani. Sehemu ya pafu iliyoharibika hairudi, lakini anayeacha hupunguza kasi ya uharibifu, hata akiwa na miaka 60.

Tunasisitiza: kabla ya kununua chupa nyingine, nenda ukapimwe.