“Mbona Umenenepa Hivyo?”

Somo la familia kwa wiki hii
Andiko: 1 Samweli 1:1–18. Soma pia: Mithali 18:13, Warumi 14:1–13, 1 Timotheo 5:23.

Kabla ya kuendelea na somo hili, tunaomba kila familia isome kisa cha Hana kwa sauti, watoto wakiwepo. Vijana ambao Kiswahili kinawapa shida wasome kwa Kiingereza, hakuna neno. Kisa ni kifupi na kina habari za chakula ndani yake, na chakula ndicho kilichotuleta kwenye somo hili.

Kila Jumapili baada ya ibada tunaingia ukumbini, tunapanga foleni ya pilau na sombe, na kwenye foleni hiyo maneno hayakosekani. “Dada, umenenepa!” “Mama, soda ya pili hiyo?” “Kaka, acha ugali usiku. Mimi nimeacha, na unaniona.” Mara nyingi anayesema hana nia mbaya. Kule tulikotoka, kumwambia mtu amenenepa kulikuwa karibu sawa na salamu. Maana yake maisha yamemkubali, anatunzwa, shida zimepungua. Neno lililoogopwa lilikuwa lile jingine, umekonda. Waliokuwa watu wazima Afrika Mashariki miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka uzito wa neno hilo. Kule Uganda watu waliuita UKIMWI “slim” kwa sababu ulimaliza mwili, na mtu akipungua kidogo tu kwa malaria au kwa mawazo, majirani walianza kunong'ona.

Basi sisi ni watu tuliozoea kusoma habari za mtu kwenye mwili wake. Tumekuja na mazoea hayo Marekani, na huku yameongezewa ushauri. Zamani ulimwambia mtu amenenepa, mkacheka, mkaendelea. Sasa baada ya “umenenepa” yanafuata maji ya ndimu asubuhi, kula mara moja kwa siku, kuacha wanga, video ya WhatsApp ya mtu asiyejulikana amevaa koti jeupe. Na anayeambiwa hakuuliza.

Tumwangalie Hana

Elkana alikuwa akienda Shilo kila mwaka na jamaa yake yote kutoa dhabihu. Baada ya dhabihu kulikuwa na mlo, na Elkana aligawa mafungu mwenyewe. Hana alipewa fungu la upendeleo, lakini hakula. Penina alikuwa akimchokoza kwa sababu hakuwa na mtoto, na jambo hilo lilirudiwa mwaka baada ya mwaka, mezani hapo hapo. Tuangalie hilo vizuri: chakula kipo, kizuri, cha sikukuu, na mtu hali. Aliyekaa mbali angesema Hana anaringa, au ana ugonjwa wa tumbo, au anajikondesha. Sababu haikuwa kwenye sahani hata kidogo.

Elkana angalau aliuliza. Maswali yake yako katika mstari wa 8, na yanaanza vizuri: kwa nini unalia, kwa nini huli. Tatizo ni kwamba hakungoja jibu. Alijiunganishia swali la mwisho, kama yeye si bora kwa Hana kuliko wana kumi. Wanaume wa kanisa hili wanaweza kukaa na mstari huo peke yao.

Halafu yuko Eli. Mzee ameketi kwenye kiti chake mlangoni, anamwangalia mwanamke anayeomba. Anaona midomo inatikisika na sauti haisikiki. Kwa ushahidi huo tu anaamua kwamba amelewa, na anamwambia aache divai. Huo ni ushauri wa lishe, wapendwa, tena haukuombwa! Ulitolewa na mtu mwenye cheo, ndani ya nyumba ya Mungu, kwa mtu ambaye siku hiyo hakuwa ameonja divai.

Ukiendelea hadi sura ya 2 utaona kwamba nyumbani kwa Eli mwenyewe kulikuwa na tatizo kubwa la chakula. Wanawe walikuwa wakichukua nyama ya watu kwa nguvu kabla haijatolewa kwa Bwana, na mtu wa Mungu alikuja kumwambia Eli waziwazi kwamba wamejinenepesha kwa sadaka za Israeli. Sura ya 4 inaongeza kwamba Eli alikuwa mzee na mzito. (Asitokee mtu akatumia mstari huo kumcheka mwenye mwili mkubwa. Kosa lililotajwa ni nyama ya wizi, kilo hazikuwa kosa.) Macho yake yaliona mdomo wa Hana upesi kuliko mikono ya Hofni na Finehasi.

Lakini tumtendee haki mzee huyu, maana alifanya jambo ambalo wengi hatulifanyi. Hana alipojibu, Eli alisikiliza na akabadilika papo hapo. Hakusema “mimi nilikuwa nakutakia mema tu.” Alimwambia aende kwa amani, na akamwombea Mungu ampe alichoomba. Tazama tena mstari wa 15 na 16: Hana hakutaja Penina, hakutaja mtoto. Alisema tu kwamba ana huzuni na amekuwa akiimimina mbele za Bwana. Eli alibariki ombi ambalo hakulijua ni ombi gani. Kisha mstari wa 18 unasema Hana akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa tena na huzuni.

Tusichokiona

Mtu anayeongezeka mwili mbele ya macho yetu anaweza kuwa anatumia vidonge vya steroidi kwa ajili ya pumu au ugonjwa wa viungo. Anaweza kuwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa. Baadhi ya dawa za msongo na za kutuliza akili huongeza uzito, na mgonjwa ameambiwa na daktari asiziache ghafla. Anaweza kuwa amepoteza mimba mwezi uliopita. Wengi wetu tunafanya kazi zamu ya usiku, kwenye maghala na nyumba za wazee. Tunakula saa tisa usiku chakula cha mashine na kulala mchana kwa mapande. Ukimwambia mtu wa namna hiyo “fanya mazoezi,” umemwambia kitu anachokijua, na muda wa kukifanya huna cha kumpa.

Kuna pia ushauri unaoumiza mwili, si moyo tu. Hapa naomba tusome polepole.

Tuseme unamsisitizia mama mmoja ale mboga za majani kila siku, sukuma wiki, mchicha, sombe, aongeze mara mbili. Nani atabishana na mboga? Lakini huyo mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mboga za kijani kibichi zina vitamini K nyingi, na vitamini hiyo inapunguza nguvu ya warfarini. Watumiaji wa dawa hii hawakatazwi mboga. Wanaambiwa kiasi kiwe kilekile wiki hadi wiki, ili daktari apime dozi kulingana nacho. Akiongeza ghafla kwa sababu yako, damu inaweza kuganda. Akikata ghafla kwa sababu ya mwingine, anaweza kuvuja damu.

Au unamnunulia mzee mwenye presha ile chumvi “ya afya” ya kopo, badala ya chumvi ya kawaida. Nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa potasiamu. Kwa mtu mwenye figo dhaifu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha na moyo, potasiamu inaweza kujaa mwilini mpaka mapigo ya moyo yakavurugika. Zawadi ilikuwa ya upendo. Angeuliza kwanza mfamasia.

Na kufunga. Tunapotangaza maombi ya kufunga, mwenye kisukari anayejidunga insulini, au anayemeza aina fulani za vidonge vya kushusha sukari, hawezi kuacha kula bila kuongea na daktari wake. Sukari inaweza kushuka haraka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Huyu akikaa pembeni na kipande chake cha mkate, asiulizwe imani yake iko wapi, na asiambiwe kwamba kufunga kutamsaidia kupunguza tumbo. Kwanza, kufunga kwa Biblia hakukuwekwa kwa ajili ya tumbo.

“Lakini Paulo alimshauri Timotheo”

Ni kweli, na ni hoja nzuri. Katika 1 Timotheo 5:23 Paulo anamwambia Timotheo asinywe maji tu, atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Tujiulize ni nani anamwambia nani. Paulo alimwita Timotheo mwanawe katika imani. Walisafiri pamoja, na alijua kwamba kijana huyu huugua mara kwa mara. Alimwandikia yeye, hakusimama kwenye foleni ya chakula. Alitaja kiasi: kidogo. Na mstari unaofuata anazungumza habari nyingine kabisa. Mashauri ya sentensi moja, kutoka kwa mtu anayejua dawa na ugonjwa, yana tofauti kubwa na yale ya nusu saa kutoka kwa mtu aliyekuona Pasaka na anakuona tena Krismasi.

Wengine watamtaja Danieli na mboga zake. Danieli aliomba siku 10 kwa ajili yake na rafiki zake watatu, kwa sababu hakutaka kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Hatusomi popote kwamba alizunguka meza za vijana wengine kuwahesabia vipande vya nyama. Na katika Warumi 14, Paulo anawakuta ndugu wawili, mmoja anakula vyote na mwingine anakula mboga tu, na anawakataza wote wawili: huyu asimdharau, yule asimhukumu.

Watoto wetu

Hapa shangazi na bibi tunawaomba uvumilivu. Binti wa miaka 12 anayeitwa “kibonge” kwa upendo halisikii neno hilo kama ninyi mlivyolisikia. Amekulia shule ambayo neno hilo ni tusi. Anarudi nyumbani anajifungia, anaanza kuruka kifungua kinywa, na mnadhani ni mambo ya ujana. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo unaowashauri wazazi wasizungumzie uzito wa mtoto wala kumtania juu ya mwili wake, kwa sababu mazungumzo hayo yanahusiana na unene zaidi na pia na magonjwa ya kula. Badala yake wanasisitiza familia ile pamoja. Hilo tunaliweza, tumelelewa nalo. Pika chakula kimoja kwa nyumba nzima, usimpikie mmoja “chakula chake.” Mkiona mtoto anaficha chakula, anakimbilia chooni kila baada ya kula, au anapungua haraka, mpelekeni kwa daktari. Asihubiriwe.

Basi tunyamaze kabisa?

Hapana. Mume na mke wana nafasi yao, wakiitumia kwa upole chumbani na si mbele ya wageni. Akikuuliza mtu, mjibu unachokijua na uishie hapo. Na ukiona mdomo wa mtu umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno hayaeleweki, piga 911 mara moja na uangalie saa ilikuwa ngapi, maana hospitali watauliza dalili zilianza lini. Hapo hakuna habari ya kuomba ruhusa.

Kisukari na presha vipo kati yetu na haifai kufichwa. Lakini elimu ikitolewa kwa wote, muuguzi akisimama na kueleza kipimo cha A1C ni nini, na kwamba 6.5 kwenda juu ni kisukari na 5.7 hadi 6.4 ni mlangoni, hakuna aliyenyooshewa kidole. Kila mmoja anakwenda na namba yake moyoni. Vivyo hivyo, kuweka maji na matunda mezani kando ya soda ni bora kuliko kuisemea soda ya mtu. Na kama unatembea Jumamosi asubuhi, sema: “Natembea saa mbili, ukipenda karibu.” Sema mara moja. Ukisema mara tatu, hujamkaribisha tena, unamfukuza.

Kwa ninyi mnaoambiwa, mfano ni Hana. Alimheshimu mzee, akamwita bwana wangu, na bado akamwambia hapana. Hakutoa siri zake ili ajitetee. “Asante mama, daktari wangu ananifuatilia” ni jibu kamili, na mkubwa akilisikia abadilishe mazungumzo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Wazazi waanze kwa kuwauliza watoto, na wasiwakatize: ni neno gani kuhusu mwili wako umewahi kuambiwa hapa kanisani au nyumbani ambalo bado unalikumbuka? Kisha jadilianeni: kwa nini Hana aliweza kula baada ya kuongea na Eli, wakati maswali ya Elkana hayakumsaidia? Na wewe binafsi, kwenye simu yako, ni video ngapi za lishe umewatumia watu mwezi huu, na wangapi waliomba?

Jumapili ijayo tutasoma 1 Samweli 1:19–28. Akina mama wa zamu ya jikoni, tafadhali leteni majagi mawili ya maji zaidi. Wiki iliyopita hayakutosha.