KISWAHILI CHA SAHANINI

Leo nauliza swali moja: Je, Kiswahili kinachotupatia alama darasani kinaweza kutupatia chakula?

Binamu yangu alipata A ya Kiswahili hapa Meru, kisha akaenda kusomea lugha hiyo hiyo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alidhani hana la kuogopa. Siku ya kwanza alikwenda kwa mama lishe, yaani mama anayepika na kuuza chakula kando ya barabara. Bila salamu akasema, "Nipe mchele na maharagwe, haraka!" Mama akamtazama. "Mwanangu, mbona wanigombeza?" Watu wakacheka. Binamu akaondoka na njaa yake, na siku tatu akala mkate mkavu chumbani kwa aibu.

Siku ya nne njaa ilishinda aibu. Alirudi akasema, "Shikamoo mama, samahani kwa yale ya juzi." Mama akajibu, "Marahaba, karibu ukae," akaanza kumfundisha huku akipakua. Haya ndiyo aliyojifunza:

1. Salamu kwanza. Mkubwa huamkiwa "shikamoo" hata kama unanunua andazi moja tu.

2. Kuomba si kuombaomba. Huku kwetu ukisema "naomba chai" mtu atafikiri ati huna pesa. Tanzania hiyo ni adabu tu, na utalipa kama kawaida. Mama lishe huitwa pia mama ntilie, kutokana na maneno "mama nitilie". Hapo kitenzi ni tia, kauli ya kutendea ni tilia, na kiishio -e kinaonyesha ombi.

3. Mpunga, mchele, wali. Mpunga uko shambani Mwea, mchele uko dukani, wali uko sahanini. Anayeagiza mchele hotelini ajitayarishe kutafuna mbichi!

4. Jina hubadilika njiani. Githeri huko ni makande, maharagwe ni maharage, na strungi ni chai ya rangi. Ukitaka chipsi zilizokaangwa pamoja na mayai, sema "chipsi mayai".

Ni kweli kwamba mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini usanifu wa kitabuni haukumshibisha binamu yangu. Kilichomshibisha ni kurudi na kuomba radhi. Alikula kwa mama yule mpaka alipomaliza masomo.

Mimi mwenyewe nilikuwa nikimcheka kila aliyesema "naomba" kantini. Nimeacha. Kuuliza si ujinga, na adabu si umaskini.

ZOEZI: Sahihisha sentensi hii: "Wewe, leta mchele mbili!"

JIBU: "Samahani, naomba wali sahani mbili."

Kiswahili kitukuzwe!