Beowulf na Mazimwi Matatu

Waingereza wa kale, waitwao Waanglo-Saksoni, walipenda sana kusikiliza habari za mashujaa. Katika tenzi zao, ulio mashuhuri kupita zote ni utenzi wa Beowulf, wenye mistari 3,182. Jina la mtungaji halijulikani. Utenzi huu umebaki katika kitabu kimoja tu, kilichoandikwa kwa mkono yapata mwaka 1000. Mwaka 1731 nyumba kilimowekwa ilishika moto, na kingo zake zikaungua. Lakini kiliokolewa, na sasa kimo katika maktaba kubwa ya London.

Kisa chenyewe ni cha nchi za kaskazini. Hrothgar, mfalme wa Denmark, alijenga ukumbi mkubwa ulioitwa Heorot. Humo alikaa na askari wake, akawagawia pete na silaha. Kwa desturi zao, mfalme mwema ni mwenye mkono wazi. Naye aliyepokea zawadi zake ana deni la kusimama karibu naye siku ya vita.

Basi palikuwa na zimwi, jina lake Grendel, aliyekaa nyikani penye maji na giza. Aliposikia kinubi na nyimbo za furaha, moyo wake ulijaa chuki. Akaja usiku, akakamata watu 30 waliolala. Ikawa hivyo kwa miaka 12.

Habari hizo zikamfikia Beowulf, kijana wa kabila la Wageati, upande wa kusini wa Sweden. Akavuka bahari na wenzake 14. Akaweka upanga wake kando, kwa kuwa Grendel hakutumia silaha, akapigana naye kwa mikono mitupu hata akamng'oa mkono. Grendel akakimbia, akafa. Usiku uliofuata mama yake akaja kulipiza kisasi. Beowulf akamfuata mpaka chini ya ziwa, akamwua kwa upanga wa kale aliouona humo.

Baadaye Beowulf akawa mfalme wa watu wake miaka 50. Hata mtu mmoja akaiba kikombe katika hazina iliyolindwa na joka, nalo joka likakasirika, likachoma nyumba kwa moto wa kinywa chake. Mfalme, ingawa ni mzee, alitoka kupigana nalo. Upanga wake ukashindwa kulikata vema. Wenzake waliochaguliwa wakakimbilia msituni, wote isipokuwa mmoja, kijana Wiglaf. Huyu alikuwa hajapata kupigana vitani pamoja na bwana wake. Akawakumbusha wenzake zawadi walizopewa ukumbini na ahadi walizotoa, kisha akaingia peke yake katika moshi. Ngao yake ikaungua, mkono wake ukaungua, lakini hakurudi nyuma. Wawili hao wakaliua joka. Ila Beowulf alikuwa ameumwa shingoni, akafa kwa sumu. Watu wake wakamjengea kaburi kubwa juu ya mlima kando ya bahari, lionwe na mabaharia toka mbali.

Sasa fikirini. Grendel alichukia ukumbi kwa sababu hakuwa na mwenzi wa kuketi naye. Joka lililalia dhahabu miaka mingi, lisimpe mtu hata pete moja. Kumbe zimwi si meno na makucha tu. Ni yule asiyeshirikiana na wengine wala asiyetoa. Na shujaa je? Wale waliokimbia walikuwa na panga na deraya kama Wiglaf. Walipungukiwa na jambo moja tu: kukumbuka ahadi yao wakati ilipokuwa ngumu kuitimiza.

Maswali

1. Kwa nini Beowulf aliweka upanga kando alipopigana na Grendel?
2. Mfalme mwema na joka walitofautianaje katika kutumia mali?
3. Wiglaf aliwakumbusha wenzake jambo gani?
4. Nani aliyehitaji ushujaa zaidi siku ile, Beowulf au Wiglaf? Toa sababu zako.