Pumzi Ikipita Njia ya Mkato

Asubuhi pale Mchikichini, hata kabla marobota yote ya mitumba hayajafunguliwa, soko linakuwa limeshafunguliwa na sauti. "Buku, buku, buku! Chagua, vaa!" Msikilize mnadi kwa makini: hanadi akiwa anavuta pumzi. Anavuta kwanza, kisha ananadi wakati pumzi inatoka. Tuanzie hapo, maana mengine yote yanafuata.

Pumzi inayotoka mapafuni hupanda kwenye bomba la hewa, ambalo kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi. Juu ya bomba hilo kuna zoloto, kile kitu kigumu kinachopanda na kushuka shingoni unapomeza. Ndani ya zoloto zimo nyuzi mbili za sauti. Zikikaribiana, pumzi huzitetemesha, kwa mwanamume kiasi cha mara 100 au zaidi kwa sekunde. Ulimi na midomo huugeuza mtetemo huo kuwa maneno.

Sasa tuseme mnadi huyo amepata ajali ya bodaboda, akaumia kichwa, akakaa kwenye mashine ya kupumulia siku nyingi. Madaktari wamemtoboa shingoni, chini ya zoloto, wakamwekea mrija. Huo ndio upasuaji wa trakeostomi, na umeokoa maisha ya wengi. Lakini angalia mrija ulipokaa: uko chini ya nyuzi za sauti. Pumzi inaingilia shingoni na kutokea shingoni. Midomo inacheza, hakisikiki kitu. Ndugu wanatoka wodini wakilia kwamba amekuwa bubu. Mara nyingi si hivyo. Nyuzi zipo palepale, zimekosa upepo tu.

Namna ya kuurudisha upepo huo, fundi baiskeli wa Kariakoo ataielewa mara moja. Valvu ya tyubu huruhusu hewa iingie, kisha huizuia isitoke. Valvu ya kusemea, kifuniko kidogo kinachopachikwa kwenye mdomo wa mrija, hufanya vivyo hivyo: hufunguka mgonjwa akivuta, hujifunga akitoa. Pumzi ikikosa mlango shingoni hupanda kando ya mrija hadi kwenye nyuzi. Valvu moja mashuhuri ya aina hii ilibuniwa miaka ya 1980 na David Muir, kijana Mmarekani mwenye maradhi ya kudhoofisha misuli, aliyekuwa akitegemea mashine ya kupumulia. Alikuwa akijitafutia sauti yake mwenyewe.

Kuna hatari ambayo kila anayemuuguza mgonjwa huyu lazima aijue. Mirija mingi ina puto dogo linalojazwa hewa ili kuziba nafasi iliyo kandokando. Ukipachika valvu puto likiwa limejaa, mgonjwa atavuta pumzi na hatapata pa kuitolea. Anaweza kufa palepale. Kwa hiyo puto hutolewa hewa yote kwanza, na mtaalamu hukaa kitandani pake akitazama kifua chake na rangi ya midomo.

Kumeza nako kunategemea nyuzi hizohizo, ambazo ndizo lango la kuingilia mapafuni. Sote tumewahi kupaliwa: maji yamekwenda kusikokwenda maji, ukakohoa mpaka machozi. Kila umezapo, nyuzi za sauti hufungana, zoloto hupanda, na kifuniko kilicho nyuma ya ulimi hulala juu yake, yote kwa muda usiofika sekunde moja. Mwenye mrija hana tena shinikizo la pumzi chini ya nyuzi hizo, na kikohozi chake ni dhaifu. Ongeza jeraha la ubongo, ambalo mara nyingi ndilo kisa kikubwa kuliko mrija wenyewe, na chakula huingia mapafuni kimyakimya.

Wapo wanaoamini kwamba puto humlinda. Halimlindi. Puto liko chini ya nyuzi, na kilichofika kwenye puto kimeshapita lango. Vilevile ndugu huja na chupa ya maji wakidhani maji ndiyo mepesi, kumbe maji hukimbia kuliko uji mzito, na lango lililolegea haliwahi kujifunga. Njia mojawapo ya kupima ni kutia rangi ya bluu ya chakula kwenye kijiko cha kwanza, kisha kunyonya makohozi kwenye mrija. Bluu ikitokea shingoni, jibu limepatikana. Isipotokea, bado hujathibitisha usalama.

Kazi hii inataka mtu aliyeisomea, na Afrika Mashariki watu hao ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza shahada ya tiba ya usemi mwaka 2008 tu. Naumia nikifikiria wagonjwa wanaonyamazishwa na kukosekana kwa kifuniko kinachoenea kiganjani na mtu wa kukipachika.

Siku ya kwanza valvu hukaa dakika chache, na sauti hutoka ikikwaruza. Lakini kuna jambo ambalo ndugu hawalitarajii. Pumzi iliyorudi juu hupita puani pia, na mgonjwa ambaye kwa wiki kadhaa hakunusa kitu anaweza kugeuka kuitafuta chai ya tangawizi iliyofunguliwa kwenye chupa kitanda cha jirani.